Mji mkuu wa jimbo kwa kura ya wananchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kuanzia Juneau hadi Dodoma

Kila yanapozuka mabishano kuhusu makao makuu ya mkoa au kaunti, hutokea mtu akasema: "Si tupige kura tu?" Wapo waliokwisha kupiga, tena si mara moja. Jimbo la Alaska nchini Marekani limewauliza wananchi wake suala hili tangu 1960, na majibu yao yanafundisha zaidi ya hotuba nyingi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu ni Alaska, na majimbo mengine yanaletwa pale yanapoongeza kitu. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Nchini Marekani, nani huamua mji mkuu wa jimbo uwe wapi?

Jimbo lenyewe. Serikali kuu ya Washington haina kauli, na Mahakama ya Juu ya nchi ilishalimaliza jambo hilo mwaka 1911 (tazama swali la 15). Ndani ya jimbo njia ni tatu: mji hutajwa ndani ya katiba ya jimbo, au bunge la jimbo hutunga sheria, au suala hupelekwa kwa wapiga kura. Mara nyingi njia hizi huchanganywa. Wabunge wakiogopa kuchukiwa na mji utakaokosa, huwarushia wananchi mpira.

2. Mbona mji mkuu wa jimbo mara nyingi si mji mkubwa?

Kwa sababu uamuzi ulifanywa zamani, na watu wakahamia kwingine baadaye. Pia kwa sababu miji mikubwa ina maadui wengi. Mji mdogo ulio katikati huwa chaguo la pili la kila mtu, na kwenye kura chaguo la pili la kila mtu lina nguvu ya ajabu. Pierre, mji mkuu wa South Dakota, umeshinda kura tatu, 1889, 1890 na 1904, na hadi leo ni mji mdogo kabisa.

3. Juneau ilipataje kuwa mji mkuu wa Alaska?

Kwa dhahabu. Marekani ilipoinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867, utawala ulikuwa Sitka, mji uliojengwa na Warusi. Mwaka 1880 Joe Juneau na Richard Harris, wakiongozwa na Kowee, mkuu wa Watlingit wa eneo la Auk, walifika kwenye kijito chenye dhahabu, na mji ukaota hapo. Mwaka 1900 Bunge la Marekani lilipitisha kwamba makao yahamie Juneau, na ofisi ya gavana ikahama kweli mwaka 1906. Wakati huo lilikuwa jambo la busara, kwani watu, pesa na meli vyote vilikuwa kusini mashariki mwa Alaska.

Halafu ikaja reli, vikaja vita vya pili vya dunia na kambi za jeshi, na watu wakajaa Anchorage. Alaska ilipokuwa jimbo kamili tarehe 3 Januari 1959, mji mkuu ulikuwa pembeni na wananchi wengi walikuwa kwingine. Kwa sensa ya 2020 Juneau ilikuwa na watu 32,255 na Anchorage 291,247.

4. Ni kweli huwezi kwenda Juneau kwa gari?

Ni kweli. Juneau iko bara, si kisiwa, lakini nyuma yake kuna milima na uwanda mkubwa wa barafu, na mbele ni bahari. Barabara zake zinaishia porini. Unaingia kwa ndege au kwa feri. Ukitaka kwenda na gari lako, unalipandisha kwenye feri. Kutoka Anchorage ni karibu kilomita 900 kwa ndege, na hali ya hewa ikichafuka ndege hupita juu ya mji bila kutua, ikakushusha kwingine.

Mpango wa kujenga barabara kuelekea kaskazini umejadiliwa kwa miongo, na mwaka 2016 Gavana Bill Walker aliusitisha kwa sababu ya fedha. Wapenda kuhama huishika hoja hii kwa mikono miwili: mwananchi wa kawaida hawezi kwenda kusikiliza bunge lake bila kununua tiketi ya ndege. Hoja ni nzito. Isipokuwa Alaska ina mamia ya vijiji ambavyo havina barabara ya kwenda mji wowote, na kwa mtu wa huko Anchorage nayo ni tiketi ya ndege.

## Kura za Alaska zenyewe

5. Waalaska wamepiga kura mara ngapi?

Inategemea unahesabu nini, na ndiyo maana utakuta namba tofauti. Kura za jimbo zima zilizogusa suala hili moja kwa moja zilifanyika 1960, 1962, 1974, 1976, 1978, 1982, 1994 na 2002. Baadhi ya miaka hiyo, mathalani 1978 na 1994, karatasi ilikuwa na maswali mawili yanayohusiana. Kwa hiyo anayehesabu miaka hupata nane, na anayehesabu maswali hupata zaidi.

6. Watu wengi walikuwa mbali na Juneau. Kwa nini basi kura za 1960 na 1962 zilishindwa?

Kwa sababu hazikuwa kura kuhusu Juneau. Zilikuwa kura kuhusu Anchorage.

Kinara wa kuhama alikuwa Robert Atwood, mchapishaji wa gazeti la Anchorage Times. Watu wa Fairbanks, mji mwingine mkubwa wa ndani ya Alaska, waliona wazi kwamba mji mkuu ukihamia ukanda wa reli, Anchorage itameza kila kitu. Afadhali Juneau ya mbali kuliko Anchorage ya karibu. Mwaka 1960 waliokataa walikuwa karibu 24,000 dhidi ya karibu 18,900 waliokubali. Mwaka 1962 pendekezo lilirudi likiwa na sharti kwamba mji mkuu mpya usiwe ndani ya maili 30 kutoka Anchorage. Likashindwa tena, ingawa pengo kwa asilimia lilikuwa dogo kidogo.

Anayetaka kuitisha kura ya namna hii kokote aanze na swali hili: mji wa tatu utapiga kura upande gani? Mji unaonyang'anywa na mji unaotaka vinajulikana tangu mwanzo. Anayeamua ni jirani anayewaonea wivu wote wawili.

7. Nini kilibadilika mwaka 1974?

Mambo mawili. Kwanza, mafuta. Mwaka 1968 yaligunduliwa mafuta mengi Prudhoe Bay, na Septemba 1969 jimbo lilipata karibu dola milioni 900 kwa mnada mmoja wa vitalu. Bomba lilikuwa linakuja. Watu waliokuwa wakihesabu senti walianza kuota ndoto za majengo.

Pili, waandishi wa pendekezo walikuwa wamejifunza. Safari hii mji mkuu mpya ulikatazwa ndani ya maili 30 za Anchorage na pia ndani ya maili 30 za Fairbanks, na ulitakiwa kuwa na eneo la angalau maili mraba 100 za ardhi ya umma. Kwa maneno mengine, mji mpya kabisa porini, usio wa mtu yeyote. Pendekezo likapita kwa karibu asilimia 57.

Angalia kilichokosekana kwenye karatasi ile: bei.

8. Willow ni wapi, na ilichaguliwaje?

Ni kijiji katika bonde la Susitna, takriban kilomita 110 kaskazini mwa Anchorage, penye barabara kuu na reli. Baada ya kura ya 1974 kamati ya uteuzi ilizunguka na kupunguza maeneo hadi matatu: Willow, Larson Lake na Mount Yenlo. Novemba 1976 wananchi walichagua Willow kwa zaidi ya nusu ya kura zote. Lilikuwa eneo lililo rahisi kufikika kutoka Anchorage, na hilo linatosha kueleza ushindi wake.

Yakafuata mashindano ya usanifu, kampuni kutoka San Francisco ikashinda, michoro mizuri ikachapishwa. Leo Willow inajulikana zaidi kama mahali ambapo mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji ya Iditarod huanza rasmi, theluji ikiwepo ya kutosha.

9. Kama wananchi walikubali kuhama 1974 na wakachagua mahali 1976, mbona mji mkuu bado ni Juneau?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halina njama yoyote. Wananchi waliulizwa "mnataka?" wakasema ndiyo. Wakaulizwa "wapi?" wakasema Willow. Wakaulizwa "mtalipa?" wakasema hapana.

Kisheria ilikuwa lazima swali la tatu lije. Katiba ya Alaska hairuhusu jimbo kukopa kwa ajili ya ujenzi mpaka sheria ya mkopo ipitishwe na kisha wapiga kura wauridhie. Tena katiba hiyo hiyo inakataza wananchi kutumia pendekezo lao kutenga fedha za umma. Kwa hiyo kura ya 1974 iliweza kuamuru kuhama, lakini haikuweza kutoa hata dola moja ya kuhamia. Amri ilikuwa mkono mmoja, pochi mkono mwingine.

Mwaka 1978 hatifungani za dola milioni 966 zilipelekwa kwa wananchi. Zilikataliwa vibaya sana: kwa kila aliyekubali, karibu watatu walikataa. Hawa ni watu wale wale, jimbo lile lile, miaka minne tu baadaye. Ilikuwa kama kikao cha harusi ambacho wote wameafiki ukumbi mkubwa, mpaka daftari la michango lilipoanza kuzunguka.

Siku hiyo hiyo walipitisha sheria ya FRANK (swali la 10), iliyodai gharama yote ijulikane na iridhiwe kwanza. Hesabu ikafanywa, ikatoka karibu dola bilioni 2.8, na Novemba 1982 karatasi ya kura ikawa na bei kamili. Waliokataa walikuwa karibu asilimia 53. Kura hiyo ilikuwa imepangwa kuwa ya mwisho: wananchi wakikataa gharama, amri ya kuhamia Willow inakufa. Ikafa.

Mimi huwa naisoma 1982 kinyume na wengi. Asilimia 47 ya watu waliona bei ya dola bilioni 2.8 kwa jimbo la watu chini ya nusu milioni, na bado wakasema tuhame. Hilo si kundi dogo, na linaeleza kwa nini suala halikuzikwa.

10. Sheria ya FRANK ni nini hasa?

Ni sheria iliyoletwa na wananchi wenyewe mwaka 1978. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha Waalaska waangalifu wa fedha wanaohitaji kujua. Inasema hakuna fedha ya jimbo itakayotumika kuhamisha mji mkuu, au bunge, kabla wapiga kura hawajajulishwa gharama yote na kuiridhia.

Utamu uko kwenye neno "yote". Sheria haikuishia kwenye matofali. Inataka zihesabiwe gharama za kuhamisha wafanyakazi na ofisi, athari za kijamii, kiuchumi na kimazingira kwa mji unaoachwa na kwa mji unaopokea, na gharama za kupanga, kujenga, kuweka samani na kugharimia majengo yasiyopungua yale yaliyopo sasa, kwa kipindi cha miaka kumi na miwili. Yaani hata machozi ya Juneau yana mstari wake kwenye hesabu.

Mwaka 1994 kulikuwa na pendekezo jipya, safari hii kuhamia Wasilla, mji uliokwishakuwepo na barabara zake. Wananchi walilikataa kwa karibu asilimia 55, na hapo hapo wakaithibitisha upya FRANK kwa kura nyingi. Anayetaka kuhama leo lazima apite mlango huu.

11. Juneau walijitetea vipi? Wao ni wachache.

Kwa kutotegemea wingi. Hawakuwaomba Waalaska waipende Juneau. Waliwaomba waone risiti. Hoja "ni ghali kiasi gani?" inaweza kusemwa Fairbanks, Nome au Bethel bila mtu kujali Juneau ipo au haipo.

Walifanya na kazi ya chini kwa chini. Matangazo ya vikao vya bunge hurushwa moja kwa moja kwa jimbo zima, jambo lililopunguza makali ya hoja kwamba bunge limefichwa. Mji pia hujitahidi kuwapa wabunge makaribisho mazuri, kwa sababu mbunge aliyelala vizuri halalamiki sana.

## Sheria na utaratibu

12. Katiba ya Alaska inautaja mji wa Juneau. Sheria ya kawaida ingewezaje kuupuuza?

Katiba, iliyoandikwa 1955 hadi 1956 karibu na Fairbanks, inasema kweli kwamba mji mkuu utakuwa Juneau. Lakini kifungu hicho kiliwekwa kwenye sehemu ya masharti ya mpito, pamoja na mambo ya kuvuka kutoka utawala wa zamani kwenda jimbo jipya. Mwaka 1962, katika kesi ya Starr dhidi ya Hagglund, Mahakama ya Juu ya Alaska iliamua kwamba kifungu cha mpito si kufuli ya milele, na kwamba wananchi wanaweza kuuhamisha mji mkuu kwa pendekezo la sheria bila kubadili katiba.

Kwa hiyo wanaoandika katiba wajue: kutaja mji hakutoshi, hata sura unayoutajia ina maana.

13. Pendekezo la wananchi linaanzaje mpaka lifike kwenye karatasi ya kura?

Kwa sahihi. Waombaji hupeleka rasimu ya sheria kwa naibu gavana, ikikubalika hupewa fomu za kukusanyia sahihi, na wanatakiwa kufikisha idadi isiyopungua asilimia 10 ya waliopiga kura katika uchaguzi mkuu uliopita. Tangu marekebisho ya 2004 sahihi hizo lazima zitoke katika robo tatu ya majimbo ya uchaguzi, kwa kiwango maalumu katika kila moja. Sharti hilo la pili ni la muhimu kwa suala letu: haiwezekani tena Anchorage pekee kusimama mlangoni kwa maduka makubwa na kumaliza kazi.

14. Wananchi wakipitisha, bunge linaweza kupuuza?

Kufuta, haliwezi kwa miaka miwili. Kurekebisha, linaweza siku yoyote. Kutotenga fedha, linaweza pia, na hiyo ndiyo silaha kubwa kuliko zote, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 9.

## Kwingine walikopiga kura

15. Yapo majimbo yaliyopiga kura na kuhama kweli?

Yapo mengi, hasa karne ya 19, majengo yalipokuwa machache na makarani wangeweza kuhama na kabati zao. West Virginia ilikuwa imechoka kuzungukazunguka kati ya Wheeling na Charleston. Mwaka 1877 wananchi walichagua Charleston dhidi ya Clarksburg na Martinsburg, na serikali ikahamia huko moja kwa moja 1885. Mmoja wa waliopanda majukwaa kuipigia debe Charleston alikuwa kijana Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa. Georgia nayo mwaka 1877 iliithibitisha Atlanta dhidi ya Milledgeville, mji mkuu wa zamani.

Kisa kitamu zaidi ni Oklahoma. Bunge la Marekani lilipolipa eneo hilo hadhi ya jimbo, liliweka sharti kwamba mji mkuu ukae Guthrie hadi 1913. Tarehe 11 Juni 1910 wananchi wakapiga kura wakachagua Oklahoma City, na Gavana Charles Haskell hakusubiri hata wino ukauke: usiku ule ule muhuri wa jimbo ulitolewa Guthrie na kupelekwa Oklahoma City, na ofisi ya serikali ikafunguliwa hotelini. Inasimuliwa kwamba muhuri ulifichwa kwenye furushi la nguo chafu. Hilo lichukue kama hadithi. Lisilo hadithi ni kwamba kura yenyewe ilikutwa na kasoro za kisheria, bunge la jimbo likalazimika kukaa kikao maalumu na kutunga sheria, na mfanyabiashara wa Guthrie akaenda mahakamani. Katika kesi ya Coyle dhidi ya Smith, 1911, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema majimbo yote ni sawa, na jimbo haliwezi kupangiwa na Washington mahali pa kuweka makao yake.

16. Kura kama hizi hazinunuliwi?

Zilinunuliwa, waziwazi. Montana, mwaka 1892 miji saba ilishindana na hakuna iliyopata nusu. Mwaka 1894 zikabaki Helena na Anaconda, na nyuma yao matajiri wawili wa shaba waliochukiana: Marcus Daly upande wa Anaconda, William Clark upande wa Helena. Sigara, pombe na noti zilimwagika kama mvua ya masika. Helena ikashinda kwa chini ya kura 2,000.

South Dakota 1904 ilikuwa ya aina yake. Mji wa Mitchell ulitaka kuipokonya Pierre, kila mmoja ukiwa na kampuni ya reli nyuma yake, na kampuni hizo zikawabeba wapiga kura bure kwenda kutazama miji. Watu walisafiri, walikula, walitembea. Kisha wakapigia kura Pierre, kama kawaida yao.

17. Na Dodoma? Je, Watanzania walipiga kura?

Si kura ya wananchi wote. Wazo lilikuwepo muda mrefu. Hoja ya kuhamia Dodoma ililetwa bungeni mwaka 1966 na Joseph Nyerere, mdogo wake Mwalimu, ikakataliwa. Likarudi kupitia chama: mkoa wa Mwanza ulilileta 1972, TANU ikayauliza matawi yake nchi nzima, mengi yakakubali ingawa waliokataa hawakuwa wachache, na tarehe 1 Oktoba 1973 uamuzi ukatangazwa. Mwaka huo huo ikaundwa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu. Mpango ulikuwa kazi imalizike ndani ya miaka kumi.

Yaliyofuata tunayajua. Vita vya Kagera, uchumi ulioyumba, mawaziri wenye nyumba Dar es Salaam. Bunge likahamia, wizara zikabaki. Ilikuwa hadi Julai 2016 Rais Magufuli alipotoa tamko kwamba serikali yote inahama. CDA ikavunjwa 2017, sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa 2018, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023.

Ukiiweka kando ya Alaska, tofauti inaonekana. Alaska bei iliulizwa, mji haukujengwa. Dodoma mwananchi hakuulizwa bei, mji umejengwa, lakini baada ya zaidi ya miaka 40 na kwa fedha ambazo hakuna aliyewahi kumwekea mwananchi mezani kwa jumla moja. Wanaotaka kuitumia Dodoma kama ushahidi kwamba kura si lazima, na wanaoitumia kama ushahidi kwamba kura ingesaidia, wote wana pa kushika.

## Maswali ya pembeni

18. Karatasi ikiwa na miji mitatu au zaidi, nani anashinda?

Hapa ndipo kura nyingi huharibikia. Ukisema aliyeongoza ndiye mshindi, mji unaweza kushinda kwa theluthi ya kura huku theluthi mbili wakiuchukia. Montana na jimbo la Washington walidai nusu na zaidi, kwa hiyo wakarudia: Washington ilipiga 1889 bila mshindi wa nusu, ikarudia 1890, na Olympia ikapita. Alaska mwaka 1976 Willow ilivuka nusu yenyewe, bahati nzuri. Utaratibu huu uandikwe kabla majina ya miji hayajajulikana, maana baadaye kila mji utapendekeza hesabu inayoufaa.

19. Walionunua viwanja Willow wakisubiri mji mkuu walilipwa fidia?

Hapana. Kura si mkataba na mnunuzi wa kiwanja. Kupanda kwa bei kabla ya uamuzi ni jambo la kutarajiwa kila mahali, na ndiyo sababu moja ya pendekezo la 1974 kutaka ardhi ya umma.

20. Je, haiwezekani kuhamisha bunge tu, mji mkuu ukabaki?

Lilijaribiwa. Mwaka 2002 Waalaska waliulizwa kama vikao vya bunge vihamie eneo la Matanuska-Susitna, ziliko Willow na Wasilla. Theluthi mbili walikataa, wengi zaidi kuliko 1994.

Vikao maalumu ni habari nyingine, vinaweza kuitishwa nje ya Juneau. Mwaka 2019 Gavana Mike Dunleavy aliitisha kimoja Wasilla. Wabunge wengi wakakaidi wakabaki Juneau, wachache wakakutana katika shule moja ya Wasilla, na kwa siku kadhaa jimbo likawa na kikao kimoja katika miji miwili, hakuna upande wenye kura za kutosha kupindua kura ya turufu ya gavana.

21. Naishi Alaska kwa kadi ya ukaazi, si raia bado. Naweza kupiga kura au kutia sahihi?

Hapana kwa yote mawili. Kura za jimbo na sahihi za mapendekezo ni za raia walioandikishwa. Kuwa mwangalifu hasa na fomu ya gawio la mafuta, yaani fedha ambazo jimbo huwagawia wakaazi wake: mkaazi wa kudumu ana haki ya gawio, lakini tangu kura ya 2016 maombi hayo yameunganishwa na uandikishaji wa wapiga kura. Soma kipengele cha uraia kabla ya kujaza, na ukiletewa barua ya kuandikishwa kimakosa, ijibu kwa maandishi mara moja. Kupiga kura bila kuwa raia kunaweza kukuharibia ombi lako la uraia, au kukurudisha ulikotoka.

22. Inawezekana suala hili likarudi?

Inawezekana wakati wowote. Hakuna kikomo cha mara ngapi wananchi wanaweza kulileta. Zinahitajika sahihi za swali la 13 na hesabu za swali la 10. Wabunge pia huleta miswada mara kwa mara, mingi ikifia kwenye kamati.